Jani la Sale Nililokata Mwenyewe

Mama tulimzika Jumamosi moja ya mwezi wa nane mwaka huu, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, kule Masama, na kabla udongo haujakauka nilikuwa nimeshafanya dhambi nyingine juu ya ile ya zamani. Nilikuwa nimesimama kwenye sufuria ya machalari, upawa mkononi, nawapakulia watu ndizi na nyama, huku mama wadogo nyuma yangu wakibishana kama chumvi imekolea. Ndipo nikamwona mwanamke anapanda kwa njia ya chini katikati ya mibuni, gauni la bluu, kitambaa cheusi begani, nywele zimekuwa nyeupe zote. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Ule mwendo wa haraka usio na kelele, wa watu waliozoea kutembea wodini, niliujua. Alikuwa Sista Tekla, muuguzi wa zamani, na alikuwa amekuja kutupa pole. Hakufika hata kwenye turubai. Baba mdogo Nderingo aliinuka na fimbo yake akamkabili. "Wewe mama, huna haya? Ulimmaliza Eli wetu, sasa umekuja kuhakikisha na mama yake ameingia shimoni?" Kati ya watu wote wale Sista Tekla alinitafuta mimi kwa macho, akanitazama, akangoja. Na mimi nikainama, nikamwekea mzee mmoja kipande cha nyama ambacho hakuwa amekiomba. Nilipoinua kichwa alikuwa anashuka. Shangazi akasema, "Ana uso mkavu huyo!" nami nikasema, "Acha tu, shangazi." Hayo ndiyo maneno pekee niliyoyapata.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Bomang'ombe. Miaka ishirini sasa nafundisha watoto wa watu kusema ukweli, na mtoto akinidanganya namjua kabla hajamaliza sentensi. Mimi mwenyewe nimedanganya miaka kumi na miwili na hakuna aliyenishtukia, maana nani atamshuku mwalimu, mzee wa kanisa, dada mkubwa? Nina miaka arobaini na minne. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na thelathini na miwili, na nilijiona najua kila kitu. Kama kuna kitu nakichukia katika picha zangu za wakati ule ni ile shingo, jinsi nilivyoinyoosha.

Mdogo wangu Elinami, tuliyemwita Eli, alikuwa amekula unga Dar es Salaam kwa miaka saba. Nasema unga kama tulivyosema wenyewe, maana neno heroini lilitushinda mdomoni pale nyumbani. Katika miaka hiyo alirudi mara moja tu, akamuuza ng'ombe wa maziwa wa Mama, ng'ombe mwenyewe ana mimba, na Mama akamwambia mbele ya majirani asikanyage tena pale mpaka awe mtu. Basi wiki ya kwanza ya Januari ya mwaka ule, shule hazijafunguliwa, nikashuka Dar kwenda kumwona, kwa sababu alikuwa amenipigia simu akasema, "Dada, njoo uone. Nimekuwa mtu." Nilimkuta amenenepa. Alikuwa ana mashavu! Alikuwa fundi wa viti vya magari, anashona maturubai na kubandika sponji, na chumba chake kilinuka gundi kuanzia mlangoni hadi kwenye mto wa kulalia. Asubuhi akanichukua twende wote hospitali akanywe dawa yake, methadoni, ile inayoshika nafasi ya unga. Wako foleni pale tangu alfajiri, wanaume kwa wanawake, kila mtu na namba yake, na mbele kuna dirisha lenye nondo. Muuguzi anakupimia kwenye kikombe kidogo cha plastiki, unakunywa mbele yake, kisha lazima useme neno, ajue umemeza. Eli alipofika akanywa akasema, "Leo nimekuja na dada yangu, ni mwalimu, msimpe madaftari atasahihisha hadi kesho." Muuguzi akacheka. Nyuma yetu kijana mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "Wiki ijayo natimiza mwaka." "Mwaka wa nini, wa ndoa?" "Mwaka wa kutojiibia mwenyewe." Wakagongana mikono. Foleni nzima ilikuwa ya utani hivyo, kama watu waliotoka kwenye ajali moja na sasa wanajuana.

Mimi sikucheka. Nililiona lile dirisha tu. Niliona mwanaume wa miaka ishirini na tisa hawezi kulala nje ya mji hata siku moja, maana kesho asubuhi lazima arudi pale kunywa. Nilijiambia, huyu hajaacha, amebadilishiwa tu. Mchana alinipikia wali na maharage ya nazi kwenye jiko lake la mkaa, tukala tumekaa juu ya viti vya basi alivyokuwa anavitengeneza, vya watu wawili wawili, tumeelekea upande mmoja kama abiria. Akaniuliza bila kunitazama, "Krismasi mlikuwa wangapi nyumbani?" Nikamwambia kumi na saba. Wachaga mnatujua, mwezi wa kumi na mbili tunapanda wote, aliye Mwanza, aliye Songea, hata aliye na deni. Asiyeonekana huulizwa. Nikamwambia pia kwamba nyama ikikatwa Mama bado anatenga fungu lake, analiweka kwenye hotpoti la kijani, halafu tarehe ishirini na saba analipeleka kwa jirani. Eli akaacha kula. "Bado analitenga?" "Kila mwaka." Akainuka akaenda kuosha sahani ambayo haijaisha. Leo nikikumbuka mchana ule naona nilichokataa kukiona. Nilimkuta mtu aliyepona, nikarudi nyumbani nikasema nina mgonjwa.

Habari za Sista Tekla nilizisikia mwezi wa tano, kwenye ofisi ya walimu, wakati wa chai. Mwalimu mwenzangu alikuwa anamsimulia mwingine, mimi nasahihisha huku masikio yote yako kwao, kwamba shemeji yake aliyekunywa gongo miaka kumi na tano ameacha. Ameacha kabisa? Kabisa, amekuwa anaogopa hata harufu. Ni mama mmoja, muuguzi kutoka Rombo, Mkatoliki, alifanya kazi Afrika Kusini kwenye nyumba wanayotibu watu kwa mzizi fulani wa misitu ya Gabon, unaitwa iboga. Unapewa mara moja. Unalala siku nzima, unaona maisha yako yote yanapita mbele yako, na ukiamka kiu imekatika. Katika yote hayo nilishika neno moja tu: "mara moja." Jumamosi iliyofuata nilikuwa mlangoni kwake. Alikuwa amepanga nyumba ya vyumba vitatu hapo Masama juu, nusu saa tu kutoka kwa Mama. Mapazia ya kijani, magodoro sakafuni, ndoo safi kando ya kila godoro, mashine ya presha mezani. Hapakuwa na hirizi wala moshi, kama watu walivyokuja kusema baadaye. Alinipa chai ya maziwa na kiburu cha jana, ndizi na maharage, alichokipasha, akaniuliza maswali kwa saa nzima.

"Mwalimu, nisikilize vizuri," akasema. "Mzizi huu hauchezewi, unagusa moyo. Mlevi wa gongo ni habari nyingine. Mtu wa methadoni mimi simgusi mpaka imtoke mwilini, na haitoki kwa siku tatu. Kliniki yake impunguzie polepole, madaktari wake wajue, na akimaliza akae mwezi mzima bila tone. Halafu apimwe umeme wa moyo. Vitu hivi viwili vikikutana, mtu anaweza kufa." Kisha akauliza, "Anaendeleaje sasa?" Nikasema, "Kila siku anakunywa." "Sijauliza anakunywa nini. Nimeuliza anaendeleaje." Nikasema anafanya kazi, anakula, analala. Sista Tekla akaweka kikombe chini. "Basi mwache." Aliniambia maneno hayo, nayasikia mpaka leo, basi mwache. Nikamwambia mwenyewe ndiye anayetaka. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka laini kabisa.

Maana Eli hakutaka. Nilimpigia simu mara nne, mara nne akasema, "Dada, mimi niko sawa, niacheni nitafika polepole." Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ni mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya. Kwetu ukikosana na mtu na unataka yaishe, unachuma jani la sale, lile jani refu tunalopanda mpakani mwa kihamba, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa hana pa kutokea. Hata kama mligombana kwa damu, sale likifika yameisha, na sijawahi kusikia mtu aliyelikataa. Mdogo humpelekea mkubwa, jirani jirani. Mzazi kumpelekea mtoto wake, hilo halipo. Na mimi katika likizo fupi ya mwezi wa tisa nilikwenda mpakani kwetu mchana, Mama akiwa kwenye kikundi cha akina mama kanisani, nikachuma jani, nikalifunga kwa mkono wangu huu ninaoandikia, nikalizungushia gazeti, nikapanda basi la Dar. Mama hakujua lolote. Nilipomfungulia Eli lile gazeti kwenye chumba chake cha gundi alikaa chini kwanza, hakuligusa. "Ni la nani?" "La Mama." "Mama ndiye amelifunga?" "Ndiyo." "Kwa mkono wake?" Nikasema, "Kwa mkono wake, Eli." Akalichukua kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, mwanaume mzima, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta kuuliza kama kuna msiba. Na mimi nililia naye! Nililia machozi ya kweli kwa jani la uongo. Akaniuliza Mama anataka aje lini. Nikasema Krismasi, ila uje bila dawa yoyote, kuna sista atakumalizia, ukitoka kwake unaingia kwa Mama na miguu yako. Akafuta uso. "Mama akisema hivyo, nitakataaje?"

Kliniki walikubali kumpunguzia, lakini walimwonya kwamba kazi hiyo ni ya miezi mingi. Oktoba, Novemba, kila nikipiga simu ananiambia amefika hapa, amekwama, wamempandisha kidogo, wameshusha tena. Mimi namwambia jikaze. Jikaze, neno la walimu. Sista Tekla naye nilimwambia kwamba Eli amemaliza dozi katikati ya Novemba. Kwa nini nilidanganya tarehe? Kwa sababu shule zinafungwa Desemba na kufunguliwa Januari, kwa sababu ndugu wote wanakuja, na kwa sababu nilikuwa nimeshaiona siku yenyewe kichwani, Eli anaingia uwanjani, Mama anatoka jikoni, watu wanapiga vigelegele, na kila mtu anauliza nani kamleta, anajibiwa, dada yake. Sasa nimelisema.

Alishuka Bomang'ombe alasiri moja, wiki moja kabla ya Krismasi, na begi dogo na shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Nilimpeleka kwa mama ntilie nyuma ya stendi tukaagiza mtori wa ndizi na nyama. Alikuwa na miaka hajaonja mtori. Alikula mabakuli mawili, anapuliza, anafunga macho, anasema, "Dada, Dar wanapika supu, hawapiki mtori." Kisha akaweka kijiko. "Kuna kitu. Jana asubuhi nilikunywa." "Ulikunywa nini?" "Dawa. Sikuweza kuacha kabisa, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ilinishika wiki iliyopita nikarudi dirishani. Sista alisema mwezi, si ndiyo? Turudishe nyuma. Nikae tu nyumbani siku mbili, nimsalimie Mama, nirudi Dar kabla sijaanza kuumwa." Kwenye meza ya pili wanaume watatu walikuwa wanabishana juu ya bei ya maparachichi. Nakumbuka kila neno lao. Nikamwambia, "Eli, hao wauguzi wanatia chumvi. Akisema mwezi anamaanisha wiki, anajiwekea akiba. Usiseme chochote, mimi ndiye nitakayesema." Akanitazama. "Na kama ni kweli?" "Unataka Mama aliyekutumia sale aambiwe umegeuka ukiwa Bomang'ombe?" Akasukuma bakuli mbele, akachukua begi lake.

Kesho yake tulikwenda Moshi mjini kupima moyo, karatasi ikatoka safi. Jioni tukafika kwa Sista Tekla. Hatukupita kwa Mama, nilimwambia Eli kwamba Mama anataka kumwona akiwa ameshamaliza. Sista alimkaribisha vizuri, akamtania kwamba amekuja kula ndizi tu, halafu akachukua kalamu. "Methadoni mara ya mwisho lini?" Alimuuliza Eli. Nikajibu mimi, "Katikati ya Novemba." Akaandika. Asubuhi, saa moja, jua limeshatoka, akamtazama tena. Eli alikuwa anapiga miayo mfululizo na pua inavuja. Sista akaweka vidonge vya ule mzizi mezani bila kuvitoa kwenye chupa. "Huyu mbona kama ana arosto? Mwalimu, una hakika na Novemba?" Nikasema, "Ni baridi ya mlimani, Sista, amezoea joto la Dar." Nikatia sahihi kama ndugu. Eli alikuwa amekaa kwenye godoro amekumbatia magoti, akaniangalia nikitia sahihi, kisha akanyoosha mkono apewe vidonge.

Mwanzoni ilikuwa nzuri, na hilo linaniuma kuliko mengine. Alisema anasikia nyuki. Kisha akaanza kueleza anachokiona, macho yamefungwa, sauti ya chini, ya mtu anayesoma barua. Alimwona Mama anakamua. Alimwona yule ng'ombe aliyemuuza, akamwomba radhi kwa jina lake. Alisema, "Dada, Mama ananiita nishike kamba." Nilikuwa nimekaa kwenye stuli karibu na dirisha, nje akina mama wanapita na majani ya ng'ombe kichwani wakizungumza habari za harusi, na nilifurahi. Nilimwambia Mungu asante. Saa nane mchana Sista Tekla alishika mkono wa Eli akakaa nao muda mrefu, akaacha, akashika tena. Akamvisha mashine ya presha. Uso wake ukabadilika. Akatoka nje akamwita jirani mwenye gari, akarudi, akanishika mabega yote mawili. "Mwalimu. Sikulaumu, sitakulaumu. Niambie ukweli sasa hivi ili niwaambie hospitali. Alikunywa methadoni lini?" Nilikuwa na nafasi. Nataka hili lieleweke, nilikuwa na nafasi, na pumzi, na ulimi. Nikasema, "Novemba."

Eli alifia njiani, kabla hatujafika barabara ya lami, kichwa chake kiko kwenye paja la Sista Tekla. Daktari alipouliza, Sista alimjibu Novemba, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Kama ningesema, je, wangemwokoa? Sijui. Sijawahi kumuuliza daktari yeyote, maana kuuliza ni kusema. Siku hizi nasikia kwenye redio wataalamu wanazungumza juu ya dawa za namna ile, za kumfungua mtu macho ya ndani, wapo wanaozitumainia na wapo wanaozikataa, na mimi huzima. Mzizi sina ugomvi nao. Methadoni ndiyo kabisa, ilinirudishia ndugu yangu kwa mwaka mzima na zaidi. Aliyekosea alikuwa mtu mwenye haraka na sifa.

Mama alifika hospitali akiwa na aproni ya jikoni. Aliuliza, "Alikuwa anakuja kwangu?" Nikasema ndiyo. "Nani alimwambia aje?" Nikasema, "Alijiamulia mwenyewe, Mama." Akamtazama Sista Tekla, akatikisa kichwa, akasema, "Kwa hiyo alikuwa anakuja, yule mwanamke akamzuilia njiani." Na hadithi ikawa hiyo. Vijana walivunja madirisha ya Sista Tekla. Alikaa mahabusu wiki kadhaa, akaachiwa, lakini uuguzi ulikuwa umekwisha, hakuna aliyemtaka. Nilisikia amehamia tambarare, Kahe, analima. Mama kila Krismasi aliomba mbele ya chakula, na katika sala yake alilitaja jina la Tekla, akimwomba Mungu amwone. Sisi tukaitikia amina. Mara moja nilijaribu. Tulikuwa tunapukuchua maharage, wawili tu, nikasema, "Mama, siku ile ya Eli," akasema, "Usinianzishie, mwanangu, nina presha." Nikashukuru! Nilishukuru kwa presha ya mama yangu. Na sasa amekwenda na chuki isiyo yake, nimemfungia mimi.

Jumatano baada ya mazishi nilikwenda Kahe. Nilimkuta Sista Tekla amekaa kwenye kigoda kando ya turubai lililoanikwa mpunga, anafukuza kuku kwa kijiti. Joto la kule ni jingine, nilikuwa natiririka jasho kwenye nguo zangu nyeusi. Nikasema, "Shikamoo, Sista." Akasema, "Marahaba, Mwalimu. Kaa." Akaniletea maji, akasubiri ninywe. Nikamwambia yote. Nilianza na lile jani, nikaja kwenye mtori wa Bomang'ombe, nikamwambia kwamba Eli alikunywa jana yake, kwamba alitaka kurudi, kwamba nilimfunga mdomo. Sikulia, nilijizuia, nilijua kilio changu kitakuwa cha kumwomba anibembeleze. Kuku walipanda kwenye mpunga na hakuwafukuza.

Nilipomaliza aliuliza, "Nilikuuliza?" Nikasema, "Uliniuliza." "Mara ngapi?" "Mara tatu, Sista. Jioni tulipofika, asubuhi kabla ya vidonge, na mchana uliponishika mabega." Akasema, "Sema tena." Nikasema tena. Akashika mdomo. Alipoongea sauti ilikuwa ya mtoto. "Mimi nilikuwa nadhani nilisahau kuuliza. Siku zile za mahabusu, daftari langu limeshapotea, waliniambia hukuuliza, hukuuliza, mpaka nikaamini. Miaka kumi na miwili nalala kwa saa mbili, saa tatu tu, naamka natafuta kama niliuliza." Nilishuka kwenye benchi nikapiga magoti. Akasema, "Inuka, usinifanyie hivyo. Sijui kama nitakusamehe. Siku nikijua nitakwambia. Kwanza kawaambie hao walionifukuza." Kisha akainuka, akasema amechoka sana, akaingia ndani, mchana kweupe, hakufunga hata mlango. Baada ya dakika chache nikasikia anakoroma.

Nikachukua kile kijiti, nikafukuza kuku. Halafu nikatoa simu nikampigia baba mdogo Nderingo. Akaitika kwa furaha, akauliza kama nimeshafika salama nyumbani, kuna upepo kwenye simu. Nikasema, "Baba mdogo, shikamoo. Eli nilimuua mimi. Tekla hakujua, mimi ndiye niliyemdanganya." Akasema, "Nini? Unasema nini, Mwalimu? Sema kwa sauti, sikusikii." Nikamwambia nitarudia mara zote atakazotaka, lakini sauti siwezi kupandisha, kuna mtu amelala hapa.